Vitunguu vya Maua ya Bluu

Kabla sijafika kwenye vile vitunguu, niwaambie habari ya gunia la senene, wale panzi wa kuliwa. Nilikuwa mdogo, hata kaptura sina, baba akalisahau nyuma ya nyumba likanyeshewa. Lilipofunguliwa, jamani! Harufu ile ilikaa kooni kama kitu cha kutafuna. Tangu hapo kitu chochote kilichovunda kikiwa na joto joto, nakimbia nimeziba pua. Sasa juzi hapa kijijini Rugu, mjukuu wangu kafukua shimo la ndizi zilizokawia, ule mvuke ukanipiga puani, nikakumbuka posa ya shangazi Koku.

Koku, mdogo wake baba, alikuwa akipika kwa mama mmoja wa Kizungu aliyefundisha kilimo kanisani kwetu. Mama huyo alipanda bondeni, penye majimaji, mmea wa mwituni wa kwao Amerika. Maua yake bluu, bluu kweli, hata kanga za madukani Kayanga hazikuyafikia. Chini yana vitunguu vyeupe. Akasema wenyeji wa asili wa kule huvifukia shimoni mpaka vinakuwa vitamu. Akampa Koku kikapu kizima.

Bibi, mama yake Koku, akafurahi mno, maana Jumapili hiyo Bwana Simeo wa Nyabiyonza alikuwa anakuja kuposa. Alikuwa na shamba kubwa la kahawa, amefiwa na mke, na umri wake ulikuwa ule ule wa babu. Koku hakuulizwa. Bibi alishaamua.

"Atakula kitu ambacho hajapata kulishwa popote," alisema. "Shimo? Shimo si tunalo!"

Likawa lile la kuivishia ndizi za lubisi, pombe yetu. Akatandika majani ya mgomba, akavifukia, akakoka moto mdogo pembeni ili joto lipenye taratibu, vile vile anavyofanyia ndizi. Koku alikuwa kwenye kigoda akichambua maharage.

"Shangazi, vitaiva?" nikamwuliza.

"Mwenye shimo ni bibi yako."

Vilitoka vimelegea, vya uvuguvugu, vinateleza kama konokono aliyetolewa gamba. Ukivuta kimoja, ute unakivuta na kingine. Vinanuka sabuni na jasho la ng'ombe. Nilitia kimoja mdomoni kwa kuogopa macho ya bibi, kikaganda kwenye kaakaa, kushuka hakitaki, kutoka hakitaki. Mpaka leo nikisimulia mate yananijaa, na si ya hamu.

"Ongeza, mkwe wangu," bibi akambembeleza mgeni.

"Nimeshukuru, mama. Ni... ni laini," alisema Bwana Simeo, machozi yakimlengalenga. Akamaliza sahani kwa adabu, maskini.

Haukupita muda, tumbo lake likaanza kunguruma. Mshenga wake akatazama nje: "Mvua hiyo?" Haikuwa mvua. Bwana Simeo akajibana, akapishanisha miguu, akakohoa, lakini upepo ukamtoka, mrefu, mbele ya mama mkwe! Na harufu yake, msiniulize. Kwetu sisi mwanamume akifikwa na hilo mbele ya mama mkwe, hakuna msamaha wa kuomba wala maneno ya kufunika. Bibi akajiziba uso kwa kitenge. Koku kainamisha kichwa, mabega yanatetemeka, mimi nikajua analia, nikamwonea huruma.

Nilipokuwa mtu mzima, nimemtembelea kijijini Kibingo kwa mume aliyemchagua mwenyewe, ndipo nikamwuliza kilichomliza siku ile.

"Mimi nilishavila kwa yule mama," akaniambia. "Vikiiva ni vyeusi, vitamu kweli. Vinataka mawe yaliyochomwa yakawa mekundu, ukavifukie nayo siku mbili. Bibi yako aliniuliza?"

Basi yale mabega kumbe yalikuwa ya kicheko.

Bwana Simeo siku ile hakuaga. Alisimama polepole, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa, akaacha mwamvuli wake ukutani na mshenga wake kwenye kiti, akapita katikati ya migomba, akakipanda kilima bila kugeuka, na kwetu hakukanyaga tena.