Narelle Asiyejua Kujisifu

Kwetu Wagga, mji wa wafugaji huku Australia, ukijisifu umekwisha. Utaitwa mheshimiwa mpaka ustaafu. Mtu akikupenda anakutania vibaya, nawe unajishusha zaidi, mambo yanaenda. Narelle Kozlowski alilelewa hivyo kutushinda sote.

Kampuni yetu inatengeneza kifaa cha kuweka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Maji yakikauka, mfugaji anapata ujumbe kwenye simu. Alistair aliianzisha kwenye gereji ya mama yake, na mwajiriwa wake wa kwanza alikuwa Narelle. Eti apokee simu tu. Weee! Yule mama alipokea simu, akachomelea nyaya, akalala garini huko malishoni akisubiri ng'ombe waje kunywa. Miaka ikaenda, Alistair akachoka, akataka kwenda kulima zeituni. Mkurugenzi mpya nani? Kwetu hilo halikuwa swali.

Ila wenye hisa ni Wamarekani. Walimhoji Narelle kwa video, wakamuuliza amefanya nini hapa. Akajibu kikwetu: amepokea simu, na ameharibu mashine ya kahawa. Wakaandika hivyohivyo, jamani! Wakampigia Trev, fundi mkuu, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Trev naye akamwaga mapenzi yake yote: huyo mama ni mzigo, hata soseji anaunguza.

Tukasikia kazi inaelekea kwa bwana mmoja wa Sydney, na mpango wake ni kuhamishia kampuni huko. Trev alikosa pa kuficha uso. Narelle akaomba azungumze nao tena.

Skrini kubwa iko chumba cha chakula, basi tukajazana nyuma ya Narelle na sandwichi zetu. Bi Whitcomb, mkubwa wa wenye hisa, akamuuliza ana lipi la kuongeza. Narelle alishika meza, shingo nyekundu.

"Kifaa cha Alistair kilikuwa kinazama," akasema. "Kinachofanya kazi nimekitengeneza mimi. Wafugaji wananijua mimi. Hakuna atakayeiendesha kampuni hii vizuri kuliko mimi, na huyo wa Sydney hajawahi kukanyaga mavi ya ng'ombe."

Tukaangua kicheko, mbavu hatuna. Narelle, kujisifu! Mtu mmoja alipaliwa na mkate.

"Mbona hukusema haya mwanzo?" Bi Whitcomb akauliza.

"Hawa wangenicheka."

"Si wanakucheka sasa hivi?"

"Wacheke tu. Nikinyamaza tena, watacheka wakiwa hawana kazi."

Kicheko kikakatika. Bi Whitcomb akawaangalia wenzake, wakatikisa vichwa kukubali, na ukurugenzi ukawa wa Narelle sandwichi hata hazijaisha. Lo, tulivyoruka! Viti vilianguka, mtu akamwagia maji skrini ya watu.

Trev akapenya katikati yetu, akamshika Narelle mabega. "Dada, katika wote niliofanya nao kazi, hakuna aliyekufikia."

Hilo kwetu halisemwi. Narelle, aliyewakabili Wamarekani macho makavu, akamwambia Trev anyamaze, akafunika uso kwa taulo la vyombo, akalia.