Nilimkalia Kuku, Nikasema ni Pepo

Nilikosa, na sitafuti wa kumsingizia. Hata shetani nikimtaja atanishitaki, maana siku ile hakuwepo kabisa. Tulikuwepo mimi, kuku, na rafiki yangu Raheli.

Mtacheka, najua. Chekeni tu, mimi nimeshalia vya kutosha.

Nilikuwa msichana wa Ikungi, nimemaliza la saba kitambo, niko nyumbani nalima alizeti na mama. Ndiyo ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imefurika mnadani, kila kijana kavaa suruali ya mzungu asiyemjua. Kanisani kwetu akaja kiongozi mpya wa vijana, ana suti ya mtumba ya rangi ya maziwa na kinanda cha betri. Jamani, kinanda! Sisi tuliozoea ngoma na kayamba tulimpenda kabla hajafungua mdomo.

Alitaka tumwite Baba. Mimi nilimzidi umri, lakini nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila aibu! Kusuka nywele, ruhusa kwake. Kwenda mnadani, ruhusa kwake. Wazazi wetu, alisema, ni watu wazuri ila hawana ufunuo, kwa hiyo mambo ya kikundi tusiwaambie. Mama akiniuliza tumefundishwa nini, namjibu, "Ni ya rohoni, mama." Ananitazama, anaendelea kupepeta mtama wake.

Kilichonimaliza ni sifa. Siku moja kwenye maombi nilijikwaa kwenye mkeka nikaanguka. Akapaza sauti, "Mmeona? Huyu ni chombo!" Basi, nikawa chombo. Kila maombi naanguka wa kwanza, wenzangu wananifuata. Asiyeanguka anaambiwa ana kizuizi, afunge na atubu mbele ya wote.

Raheli hakuanguka hata mara moja. Huyu nilikua naye, tulikula sahani moja, na kwenye kwaya sauti yake ndiyo iliyotubeba. Maskini, alitubu mpaka dhambi zikamwishia, akaanza kutubu za kaka yake.

Sasa tukaalikwa mkutano wa vijana Kiomboi. Watu walikuwa wameleta sadaka ya mavuno, na Singida mavuno hayaji bila kuku. Walikuwa wamefungwa miguu, wamelazwa kando ya madhabahu. Kiongozi akaniita mbele, akanishika kichwa. Kijana wa kunidaka alikuwa ameinama huko anabadilisha betri za kinanda. Mimi sikuangalia nyuma. Nikabana gauni, nikaenda chini.

Nikamkalia kuku.

Loo! Ile sauti! Kanisa zima lilisimama. Kiongozi hakutikisika hata kidogo. "Limetoka!" akapiga kelele. "Pepo limetoka! Mpigieni Bwana makofi!" Wakapiga, na manyoya yanaelea.

Raheli akacheka. Hakuwa na dharau, kicheko kilimponyoka tu. "Baba, ni kuku!" akasema. "Kamkalia kuku!"

Makofi yakakatika. Kiongozi akanigeukia taratibu. "Chombo, waambie mwenyewe. Ni kuku?"

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Kuku mwenyewe bado yuko chini yangu, namsikia anahema! Nikamtazama Raheli, nikaitazama ile suti, nikawaza kuanzia kesho nani ataniita chombo.

Nikasema, "Hapana, Baba. Lilikuwa pepo. Tena kubwa."

Ee Mungu wangu!

Raheli akaambiwa ana roho ya dhihaka. Akatolewa kwaya palepale, na sisi tukaamriwa tusimsalimie. Kwenye lori la kurudi Ikungi alikaa peke yake juu ya magunia. Mimi niliwekwa mbele kwa dereva kama bibi harusi.

Nyumbani mama alichomoa unyoya kwenye gauni langu, akaniuliza, "Na huu nao ni wa rohoni?"

Baadaye kiongozi alihama na kinanda chake, akatuachia kikundi cha watu wasiosalimiana. Raheli akaolewa. Vigelegele vya harusi yake nilivisikia nikiwa shambani, maana hakuna aliyenialika. Mimi! Nililia kwenye alizeti mpaka jembe likanidondoka.

Ndipo nikakamata kuku, nikaenda kwake. Alifungua mlango, akanitazama, akamtazama kuku.

"Karibu," akasema. "Umeniletea pepo?"

Nikapiga magoti palepale. "Raheli, nisamehe. Nilijua ni kuku."

"Na mimi nilijua kuwa unajua. Kila ukitaka kuanguka ulikuwa unabana gauni kwanza."

"Mbona hukuwahi kunisema?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Jioni tulimchinja yule pepo, tukamla kwa ugali, tukacheka hadi mume wake akatoka nje. Alinisamehe, namshukuru Mungu. Ila kuimba hajaimba tena. Kwaya imemfuata, mchungaji amemfuata, mimi nimembembeleza nimechoka. Anasema sauti yake aliiacha Kiomboi. Hilo halilipiki kwa kuku, na linaniuma mpaka leo.

Wadogo zangu, kiongozi akikukataza kumwambia mama yako mnayofundishwa, akikutenga na rafiki yako, akikusifia mpaka uogope kumkosa, toka mapema. Na ukijikuta umemkalia kuku, inuka useme ni kuku, hata kama kanisa zima linapiga makofi!