Taa Iliyozimwa kwa Waya

Pale gereji walimwita Daktari, na kilemba hicho cha ukoka alikivaa kwa raha zake. Gari likija na ugonjwa wa umeme uliowashinda wengine, aliachiwa yeye. Alikuwa na mita kuukuu ya kupimia umeme, mgongoni imezungushiwa utepe mweusi, aliyonunuliwa na mama yake mdogo siku alipomaliza kujifunza ufundi. Mama mdogo ndiye aliyemlea. Alikuwa mkunga, na miaka yote aliendesha kigari chake cheupe kuwafuata wajawazito majumbani mwao.

Miezi miwili nyuma, taa ya ABS ya kigari hicho, ile ya kuonya hitilafu ya breki, ilianza kuwaka. Mashine ya kusomea hitilafu ikasema tatizo liko kwenye sensa ya gurudumu la mbele kushoto, ile inayopima mzunguko ili ukikanyaga breki kwa nguvu gurudumu lisijifunge na kuteleza. Daktari akaweka sensa mpya. Taa ikawaka. Akapima waya wake kwa mita, mwanzo hadi mwisho: mzima. Akasafisha plagi, akabadilisha fyuzi isiyo na kosa lolote, akaitukana mashine. Taa ikawaka. Siku ya tatu wenzake wakaanza kumuuliza kama mgonjwa wake bado yuko wodini.

Hapo akafanya jambo ambalo mafundi wengi wanalijua na hakuna anayekiri kulifanya. Akafungua dashibodi, akakata waya wa taa ya ABS, akauunga kwenye waya wa taa ya oili. Kuanzia siku hiyo taa mbili zikawa zinawaka pamoja ukifungua swichi, na kuzimika pamoja injini ikiwaka. Mama mdogo alipoona taa imezimika alimshika shavu kama mtoto. Daktari akajiambia Jumamosi atalirudia gari hilo kwa nafasi. Jumamosi nane zikapita, kila moja na kisingizio chake.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, mama mdogo aliingia gereji bampa limekunjika na uso umemshuka.

"Nilikanyaga breki kwenye kona, gari likaserereka moja kwa moja mpaka kwenye uzio wa watu," alisema. "Kulikuwa na mama amebeba mtoto, mwanangu. Bahati aliruka."

"Wewe hukuumia?"

"Mimi mzima. Nyoosha hilo bampa niliuze gari. Na kazi naacha. Taa haikuwaka, kwa hiyo gari halina kosa. Mguu wangu ndio umezeeka."

Roho ilikuwa inamsuta Daktari tangu aliposikia neno mtoto, na sasa alitamani ardhi ipasuke. Hakugusa bampa. Alipiga jeki, akavua gurudumu la mbele kushoto, akachomeka ncha za mita kwenye waya wa sensa. Mzima, kama siku zile.

"Mama mdogo, hebu kaa kwenye usukani. Kata kushoto."

Akakata. Namba kwenye mita zikapotea.

"Rudisha."

Zikarudi. Ndani ya mpira wake, pale unapojikunja nyuma ya gurudumu, waya ulikuwa umekatika. Gurudumu likinyooka ncha zinagusana, likikata kona zinaachana. Miezi miwili nyuma bingwa wetu alikuwa ameupima magurudumu yamenyooka, mara zote. Kuzungusha usukani kungemchukua nusu dakika.

Angeweza kusema waya umekatika jana. Uongo ulikuwa tayari umeshafika mdomoni, tena mtamu. Akamtazama mama mdogo amekaa na mikono juu ya usukani, akisubiri kuambiwa akate wapi, akajikaza.

"Mguu wako hauna kosa," alisema. "Mimi ndiye niliyeizima taa. Nilishindwa kuutafuta ugonjwa, nikaona aibu, nikaificha. Nilikuacha uendeshe hivyo miezi miwili."

Mama mdogo alishuka, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, na kwa saa nzima hakumtazama. Daktari akaweka waya mpya. Akafungua dashibodi, akaurudisha waya wa taa mahali pake. Kisha akamwita.

"Fungua swichi, usiwashe injini."

Taa zote zikawaka. Baada ya sekunde chache ile ya ABS ikazimika, ya oili ikabaki. Daktari akashusha pumzi.

"Imezimika yenyewe," mama mdogo aliuliza, "au umeizima wewe?"

Aliuliza kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kofi. Daktari akapiga magoti, akachomoa plagi ya sensa.

"Funga swichi, fungua tena."

Taa ikawaka, ikabaki inawaka. Akairudisha plagi. Mama mdogo akafunga swichi, akafungua, ikazimika.

"Tena," alisema.

Akachomoa. Akarudisha. Wenzake walikuwa wameacha kazi, wanatazama.

"Tena."

Hakuhesabu ni mara ngapi. Alibaki kwenye sakafu yenye oili, akisubiri kila mara sauti ya aliyemlea imwambie imetosha.