Nilifuta donge la gesi kwa woga, panel ikaniuliza juu yake

Wakuu, hamjambo. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Miaka ya 2000 mwanzoni nilikuwa naishi Kitengela, nafanya masters ya fizikia. Mke wangu Nekesa, mwalimu, ndiye alikuwa analisha nyumba. Alikuwa amenipa mwaka mmoja wa mwisho, nikikwama niache vitabu nitafute kazi.

Kazi yangu ilikuwa kuiga kwa kompyuta wingu la gesi lililo kati ya nyota. Kwa wasiojua, gesi hiyo haitulii, inakimbia huku na kule kwa kasi kuliko sauti. Msukosuko huo unazuia wingu zima kuporomoka mara moja. Lakini mikondo ikigongana, gesi inabanwa, na hapo nyota zinazaliwa.

Kompyuta yangu ya mtumba ilihitaji siku tisa bila kuzimwa kumaliza run moja. Nilibandika karatasi kwa main switch ya plot tuliyokuwa tumepanga: USIZIME.

Siku ya sita, saa nane mchana, caretaker wa plot akazima. Fundi wa welding alikuwa anaunganisha waya pale geti.

"Ni dakika mbili tu boss, si utawasha tena?" caretaker akaniambia.

Nikaendelea kutoka kwa file niliyokuwa nimesave. Siku tatu baadaye nilitazama screen. Gesi yote ilikuwa imeporomoka katikati, donge moja kubwa.

Kosa lilikuwa langu. Kwa kubania nafasi ya hard disk nilisave mahali gesi iko, kasi yake nikaacha. Kwa hivyo ilianza upya ikiwa imesimama tuli, msukosuko sifuri.

Defence, yaani kutetea kazi yangu mbele ya panel ya walimu, ilikuwa imebakisha wiki mbili. Niliogopa vibaya sana. Nilifuta yote, nikaanza tena, sikumwambia mtu. Taa ikififia kidogo tu, nakimbia kuangalia switch.

Run ya pili ikaisha salama. Nyota nyingi, ndogo ndogo.

Siku ya defence, mama mmoja wa panel akauliza, "Utajuaje ni msukosuko umezileta? Ulijaribu bila?"

Run hiyo bila msukosuko nilikuwa nayo wakuu, na niliifuta.

"Hapana," nikasema.

"Basi enda ufanye. Urudi baada ya miezi sita."

Jioni nilimwambia Nekesa kila kitu, hadi ile ya kufuta. Akaniuliza:

"Kwa hivyo miezi sita yote nitakuwa nalisha woga wako?"

Nilirudia ile run bila msukosuko, nikapita, na bado tuko pamoja.

Matokeo yakikutisha, yaweke kando, usiyafute. Nani mwingine hapa amewahi kufuta kitu kwa hofu? Semeni, nasoma zote.