Sijasikia Injini Ikizimwa

Mzee Gia aliendesha malori ya masafa marefu mpaka macho yakamtupa mkono, kisha kifua nacho kikaanza visa vyake. Sasa alikuwa mtu wa kitandani, na starehe iliyombakia ni moja tu: tamthilia ya runinga kuhusu chombo cha anga kilichopotelea huko kwenye nyota. Binti yake, msusi mwenye kibanda nyuma ya soko, alifunga kazi mapema kila Jumapili aje kumsimulia kinachoonekana, maana mzee haoni na ile lugha ya kigeni ilimpiga chenga.

Mzee alisikiliza kidereva. Alimtukana nahodha kwa kutopima mafuta kabla ya safari, lakini alimpenda, kwa kuwa naye ana binti anayemngoja nyumbani. Daktari alikwishasema waziwazi kwamba dawa zimefika mwisho, apewe anachotaka. Alichotaka ni kujua kama nahodha atafika kwa mwanawe.

Siku ya sehemu ya mwisho ya msimu, msusi alikaa ukingoni mwa kitanda. Hao waandishi hawana hata haya! Chombo kilichokaukiwa mafuta wiki nzima kiliwaka chenyewe. Akaibuka malkia asiyewahi kutajwa popote, akapunga mkono, maadui wote wakayeyuka.

"Huyu naye katokea wapi?" mzee aliuliza.

"Sijui, baba."

"Na mafuta wametia wapi?"

"Hawajasema."

"Wamelewa hawa."

Kisha nahodha akaiona nyumba yake kwa mbali, kioo kikawa cheusi, majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Basi. Msimu mzima watu wameweka roho mkononi, wanaambulia majina.

"Amefika?"

Msusi aliyatazama yale majina.

"Amefika, baba. Binti yake kamfungulia mlango, wamekumbatiana."

Mzee alitafuta pumzi.

"Usinizuge, mama. Sijasikia injini ikizimwa."

"Baba..."

"Dereva akifika kwake, cha kwanza anazima injini. Si ulikuwa unaisikia ya kwangu ukiwa bado kitandani, unakuja mbio? Haya, sema."

"Wamekatisha njiani. Eti inaendelea msimu ujao."

"Lini?"

"Baada ya miaka miwili."

Vichwa vilivyoharibiwa na wasusi wengine alikuwa akivifumua na kuvisuka upya, mteja akaondoka anacheka. Hapa hakuona pa kushika. Alitamani kumpigia mtu simu amfokee, lakini angempigia nani? Mzee alicheka kidogo, kikohozi kikamkatiza, akasubiri kitulie.

"Miaka miwili," alisema. "Wenzetu wana nafasi. Basi nisimulie tena ule uongo wako. Ila safari hii azime injini kwanza."

Msusi alijifuta macho kwa kiganja.

"Chombo kikatua uani," alianza.

"Taratibu."

"Taratibu, baba. Nahodha akavuta breki. Akazima injini."

Mzee akafumba macho, uso umetulia, akingoja. Kilichobaki ni binti kuja mbio kufungua mlango, na hapo ndipo sauti ilipomkatalia msusi.