Vijiti Kando ya Kambi

Mwaka wa kwanza wa agronomia nilikuwa na miaka kumi na minane, na tayari nilikuwa nimechoka kama muzee wa pensheni. Tulisoma kilimo cha vipimo: setilaiti inakuonyesha kila kipande cha shamba, nawe unakipa mbolea na maji yake tu, hapana zaidi. Shamba letu la mazoezi lilikuwa limebaki upande wa pili wa vita. Basi asistan, msaidizi wa profesa wetu, akatupeleka kwenye kiwanja kando ya kambi ya wakimbizi: udongo wa unene wa kidole kimoja juu ya mawe ya volkano.

"Sayansi haichague," alisema.

Nikamwambia mawe nayo hayachague. Promosyo, darasa letu zima, ikacheka, yeye hakucheka.

Tulivaa majile, vizibao vya fakilte yetu ya chuo, tukapima kwa telefone, tukasimika kijiti chenye utepe mwekundu kila baada ya mita kumi. Kwa kila kijiti, chukua udongo, andika namba. Hatukufikiria kwamba kambini mutu mwenye jile na daftari ana kazi moja: kuandika majina ya watu wa kupewa chakula.

Mama mmoja mzee alitoka kwenye foleni ya maji, akaweka bido yake, dumu tupu la maji, kando ya kijiti changu, akakaa.

"Mutoto wangu, niandike. Miye natoka Kalengera. Tuko saba."

Nilitaka kuchekesha wenzangu. Nikauliza kwa sauti ya ofisi, "Mama, unapenda maharagwe ama kuku?"

"Maharagwe. Kwa kuku utanidanganya."

Nikaandika. Wenzangu waligeuza nyuso. Nilipomaliza vijiti vitano vingine nikatazama nyuma: bado amekaa pale, na kwenye foleni mahali pake pameshajaa bido za wengine. Bomba lilifunguliwa mara moja tu kwa siku. Watu saba, na maji hakuna.

Nikarudi. "Mama, nilikuwa ninacheza. Tunapima udongo tu. Hakuna chakula."

"Bale ba kwanza benye majile pia balisema hakuna," alijibu bila kukasirika. "Tukaondoka, bakagawa. Sitoki."

Nilimwonyesha kifuko cha udongo. Akauponda kati ya vidole. "Huu? Hata muhogo hauwezi. Sasa munapima nini?"

Nilichukua bido yake, nikaenda kusimama mwisho wa foleni na jile yangu. Akina mama wakaniuliza kama ninaandika. Nikasema hapana, ninachota. Kwa mbali asistan aliita namba za sampuli, akafika kwa zangu, akaona nimeacha kazi, akasema, "Zero." Jua halikuwa na haraka, na sisi pia.

Bomba lilifungwa wakati watu wanne walikuwa bado mbele yangu.

Nikarudi na bido tupu. Mama aliitazama, akanitazama, akasogea kidogo.

"Kaa basi," alisema. "Ba chakula bakikuja, batatukuta wawili."