Nyumba ya Tokilupe Iliyolala Barabarani

Nyumba ninayoisimulia aliijenga Tokilupe mwenyewe. Ninalisema hili mwanzoni kwa sababu vijana wa siku hizi hapa kisiwani, kijijini Kolonga, wanadhani ilijengwa na mumewe, Kelepi. Kelepi ni mtoto wa kaka yangu, damu yangu, lakini uongo wake sitambebea. Kimbunga kikubwa kilipoichukua nyumba yao ya makuti, mbao zilitoka kwa dada wa Tokilupe aliyeko ng'ambo, Auckland. Misumari ilinunuliwa kwa mikeka aliyoisuka Tokilupe, na fundi alikuwa binamu yake. Kelepi alishika ngazi.

Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, ya kijani, imekaa juu ya nguzo fupi. Waliishi humo na binti yao Melenaite mpaka Kelepi alipopata mwanamke mjini. Akawa anakuja nyumbani Jumapili tu. Kisha hata Jumapili akaacha, halafu siku moja akaja kusema anataka talaka, na Tokilupe atoke.

Atoke aende wapi? Kwetu kiwanja huandikwa kwa jina la mwanamume, na mwanamke akiachwa hurudi kwao. Kwao Tokilupe ni Niutoua, kijiji cha pili, na wazazi wamekufa. Huko amebaki kaka yake Pauliasi, mwenye kiwanja kikubwa na nyumba moja tu. Na dada na kaka wakishakuwa watu wazima hawalali chini ya paa moja. Hiyo ni heshima yetu, na mimi nimekua nayo.

Pauliasi alikuja akakaa mlangoni, macho chini, akasema, "Dada, njoo. Nyumba chukua wewe. Mimi na watoto tutalala jikoni."

"Jiko lenyewe halina ukuta," alisema Tokilupe. "Mume kanitoa mimi, nami nikamtoe kaka yangu? Hapana."

Alipata wakili, kijana mmoja mwenye mkoba uliochanika kamba. Tokilupe alianza kumweleza juu ya kiwanja, miaka aliyokifagia, mihogo aliyoipanda. Yule kijana akamkatiza.

"Mama, kiwanja kisahau. Hukipati hata ukilia damu. Dai nyumba."

"Si iko juu ya kiwanja chake?"

"Iko juu, haina mizizi. Kwa sheria ya hapa nyumba yako ya mbao ni kama kitanda chako. Nitafutie tu watu walioona nani aliijenga."

Ndipo Tokilupe akaja kwangu. Hakuniomba. Alikaa, akala, akanieleza alichoambiwa. Nikamwambia nitakwenda, kwa kuwa mbao zile niliziona zikishushwa.

Siku ya kesi nilivaa mkeka wangu mzuri wa kiunoni, vazi letu la heshima, nikaeleza nilichokiona. Kelepi hakuthubutu kunibishia. Kwetu shangazi ana amri juu ya watoto wa kaka yake na mali yao; nani wa kumbishia mbele ya watu? Alipoulizwa yeye kuhusu nyumba, akacheka.

"Mheshimiwa, mimi ninachotaka ni ardhi yangu. Nyumba aichukue, kama ana kikapu cha kuibebea."

Mahakama nzima ikacheka. Jaji hakucheka, aliandika. Kisha akasoma: talaka imetoka. Mtoto anakaa na mama, na baba atoe matunzo. Kiwanja ni cha Kelepi. Nyumba ni ya Tokilupe, naye aiondoe kiwanjani kabla mwezi haujaisha. Asipoiondoa, itakuwa ya mwenye ardhi.

Tukatoka nje. Kelepi sasa hakuwa akicheka tena.

Mwezi ule uliisha Jumapili, na Jumapili kwetu hata gurudumu halizunguki. Tena lori la nazi la mzee Hingano lilipatikana Jumamosi hiyo ya mwisho tu. Wanaume wakaja asubuhi na kamba, ngazi na magogo ya minazi, wakakuta geti limefungwa kwa kufuli. Kelepi ameenda shamba na ufunguo. Wakaja kuniita.

"Ng'oeni ua," nikasema.

"Ua wa Kelepi, Shangazi?"

"Nikimtaka nguruwe wake namchukua, na hana la kusema. Leo nitashindwa na waya?"

Wakang'oa. Walibomoa kibaraza kwanza, kisha wakaiinua nyumba kwa nyimbo, Pauliasi kwenye kona ya chumba cha dada yake, uso ameugeuza asije akaona ndani.

"Tokilupe, sufuria umetoa?" mmoja akauliza.

"Nimetoa. Mzito ni wewe, umekula viazi vikuu vyote!"

Jua lilikuwa limeinama nyumba ilipopanda lori. Lori likatambaa mpaka kwenye kona ya kanisa, pakalia *kah!* likasimama. Hingano akaingia chini, akatoka na uso mweusi kwa grisi.

"Ekseli imekatika. Nyingine iko mjini. Na kesho…"

Tokilupe alikaa kando ya barabara akafunika uso kwa mikono. Kelepi naye huyo, anatoka shamba juu ya farasi.

"Mmekwama!" akapiga kelele. "Haijafika! Kesho mwezi unaisha, nyumba yangu hiyo!"

Polisi wetu, Sunia, alikuwa amesimama pale akila embe. Akafuta mdomo taratibu.

"Nani alikwambia ifike? Jaji alisema iondoke kwako. Unaiona iko kwako?"

"Iko barabarani!"

"Basi barabara ni ya serikali. Labda serikali ndiyo iidai, si wewe."

Watu walicheka mpaka farasi akashtuka. Tokilupe akainua uso.

"Kwa hiyo ni yangu, Sunia?"

"Ni yako, dada. Ila umetuzibia njia."

Akasimama, akajipangusa vumbi, akasema atalala kwake. Lakini lori lilikuwa refu na mlango uko juu. Nikamtazama Kelepi.

"Shuka. Shika ngazi."

Akashuka, akaishika. Tokilupe akapanda na mkeka wake kichwani, Melenaite nyuma yake, wakafunga mlango.

Asubuhi kijiji kizima kilipita pembeni mwa nyumba ile kwenda ibadani, na mimi nikapita nikaona dirisha bado limefungwa. Kengele iko hatua chache tu kutoka mlangoni pake, lakini Tokilupe aliingia kanisani wakati wa wimbo wa mwisho, alama za mkeka zimemjaa shavuni. Mwaka mzima hakuwahi kulala namna ile.

Jumatatu ekseli ikaja. Mchana nyumba ilikuwa Niutoua, imetazamana na ya kaka yake, na moshi unatoka jikoni kwa wote wawili.